Sahani ya Mifukoni

Koti jeupe lilirudi kwa mara ya saba, na doa lilikuwa palepale, kifuani upande wa kushoto.

"Wanasema safari hii waligongana vizuri zaidi," alisema Mzee wa Taa, ambaye ndiye aliyelileta kwa kuwa alikuwa anakuja kunywa chai hata hivyo. "Mwongozaji amecheka mpaka amekaa chini."

"Acheke," alisema Mama Pasi. "Yeye hafui."

Alilipokea koti, akaligeuza ndani nje, akaliweka chini ya bomba. Maji baridi kwanza, yapite kwa nyuma ya doa yalisukume litoke lilikoingilia. Kisha chumvi. Kisha sabuni kidogo, kwa ncha ya kidole, na subira, na hiyo subira ndiyo iliyokuwa inakwisha. Kilichomwagwa kilikuwa sharubati ya zabibu. Kwenye filamu kingeonekana mvinyo wa bei mbaya, lakini kitambaa hakina habari na filamu. Kwake kitambaa, zabibu ni zabibu.

Chumba chake kilikuwa cha kuhifadhia mashuka, nyuma kabisa ya hoteli kuukuu iliyokodiwa na watu wa filamu kwa wiki sita. Kilikuwa na bomba, meza ndefu ya kupigia pasi na dirisha pana lililotazama uwanja wa nyuma. Kwa miaka thelathini Mama Pasi alikuwa amefua na kunyosha nguo kwenye nyua za watu, akihamisha beseni kila jua linapohama. Hoteli ilikuwa imemwambia kwamba filamu ikiisha atabaki, na chumba hicho kitakuwa chake, mradi meneja wa filamu aseme neno zuri juu yake. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Alichotakiwa ni kufika jioni bila kumtukana mtu.

Na haikuwa kazi ndogo. Filamu yenyewe, aliambiwa siku ya kwanza, ni ya kuchekesha, tena ya kistaarabu. Mume na mke, wazuri kupita kiasi, wanahudhuria karamu za matajiri na kuwaibia huku wakiwasemesha maneno matamu. Hawakimbii ovyo. Hawatoki jasho. Wakikaribia kukamatwa, wanacheza muziki. Watu wote pale walimwita mwigizaji wa kiume Bwana Mwizi na mwenzake Bibi Mwizi, na wenyewe waliitika kwa furaha.

"Mwizi gani anavaa nyeupe?" aliuliza Mama Pasi, kama alivyouliza kila siku kwa wiki sita.

"Ndiyo raha yake," alisema Mzee wa Taa akipuliza chai. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo kwa kubeba nyaya maisha yake yote, na alizipenda filamu za namna hii kuliko chakula. "Wizi wenye adabu, dada. Ukiibiwa na wale utasema asante."

"Aliyenianulia mashuka yangu kwenye kamba mwaka juzi hakuwa na tai. Na asante sikusema."

"Huyo hakuwa na mtunzi mzuri."

Mama Pasi alimtupia kitambaa kilicholowa, naye akakikwepa kwa ustadi wa mtu aliyezoea.

Makoti ya Bwana Mwizi yalikuwa matatu, yamefanana kama mapacha, na ili asiyachanganye Mama Pasi alikuwa ameyatia alama ya uzi ndani ya kola. Lenye uzi wa kijani lilikuwa la kumwagiwa. Lenye uzi wa bluu lilikuwa la kukimbilia. Lenye uzi mwekundu lilikuwa la kupigwa picha kwa karibu, na ndilo lililokuwa na mfuko wa siri. Tangu mwanzo alisema koti la kumwagiwa lisiwe moja. Meneja alimjibu kwamba mwongozaji huyu hupata anachotaka kwa mara ya kwanza. Sasa ilikuwa mara ya saba, na kikausha nywele alichoazima kwa watu wa vipodozi kilikuwa kinanuka kuungua.

Mfuko wa siri ulikuwa fahari yake, ingawa hakumwambia mtu. Alikuwa ameushona ndani ya bitana, chini ya kwapa la kushoto, mdomo wake umefuata mshono kiasi kwamba Mzee wa Taa aliumulika kwa taa yake kubwa na asiuone. Bwana Mwizi alipaswa kumvua Bibi Mwizi kidani shingoni huku wakicheza, akitumbukize humo, na aonekane kama mtu anayejikuna ubavu. Kidani kilikuwa cha vioo tu, lakini kilikuwa kimoja. Kilitengenezwa kwa mkono, kilionekana katika nusu ya filamu, na mwisho wa hadithi kilitakiwa kurudi shingoni mwa Bibi Mwizi. Bila hicho, filamu haikuwa na mwisho.

Na dirishani, penye mwanga, ilikaa sahani ya bati.

Sahani ilikuwa ya marehemu mama yake, naye alikuwa dobi. Mama yule hakuwahi kugusa nguo ya mtu kabla ya kupindua mifuko yake yote na kuweka kila alichokikuta kwenye sahani ile, mahali ambapo kila apitaye angeiona. Hakumwita mwenye mali wala hakuuliza kitu. Mwenyewe akija, anachukua. Mama Pasi aliyarithi yote mawili, sahani na desturi yake, pamoja na subana ya shaba, ya kukingia kidole na sindano, ambayo mama yule aliivaa mpaka siku anafariki. Siku hiyo sahani ilikuwa na peremende mbili, ufunguo, karatasi yenye namba ya simu, na pete ya ndoa ya mshika kamera, ambayo ilifika pale kila Ijumaa na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Alikuwa bado ameinamia doa meneja alipochomoza mlangoni, kijana mwenye simu mbili na suti ya kijivu ambayo Mama Pasi alikuwa ameinyosha asubuhi ileile. Mkononi alikuwa na koti la uzi mwekundu.

"Mama, haraka. Tunaingia kwenye ile ngoma ya mwisho. Mwongozaji anasema mfuko wa siri unafunguka akizunguka. Ushone kabisa. Dakika tano."

"Na hili la kijani?"

"Na hilo pia, dakika tano."

"Nina mikono miwili, mwanangu."

"Ndiyo maana makoti ni mawili," alisema meneja, akajichekea mwenyewe, akaondoka.

Mama Pasi aliuma meno. Alivaa subana, akatia uzi sindanoni huku akisema maneno ambayo Mzee wa Taa alijifanya hayasikii. Aliingiza mkono mfuko wa kulia, mtupu. Wa kushoto, mtupu. Wa kifuani, mtupu. Kisha akaushika mdomo wa mfuko wa siri na kuushona kwa mishono minane ya hasira, bila kuupindua. Ulikuwa mfuko wake mwenyewe. Nani angeweka kitu humo?

Saa moja baadaye ukumbi wote ulijua kwamba kidani hakionekani.

Bibi Mwizi aliapa kwamba alikirudisha kwenye sanduku lake, kwenye chumba cha kuvalia. Alikumbuka kabisa: alikipokea kwa Bwana Mwizi, akakiweka, akafunga kifuniko. Waliopekua walipekua. Mazulia yaliinuliwa, viti vikapinduliwa, na maua yakatolewa kwenye vyombo vyake. Mwongozaji, ambaye hakuwa na muda wa kupoteza, aliamua kuendelea na ngoma kwa kuwa haikuhitaji kidani. Meneja alikuja moja kwa moja kwenye chumba cha mashuka.

"Mama, samahani sana. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu gani?"

"Anayeingia na kutoka chumba cha kuvalia ni wewe." Alimwangalia Mzee wa Taa. "Na anayeshinda hapa kwako ni huyu."

"Mimi nina umri wa baba yako," alisema Mzee wa Taa. Sauti yake haikuwa na utani tena.

Meneja aliuchukua mkoba wa Mama Pasi uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango, akaufungua, akaumimina wote juu ya meza ya pasi. Vitu vilimwagika mbele ya macho ya watu watatu waliokuwa wamesimama mlangoni wakijitia kupita. Kitana. Miwani yenye mguu uliofungwa uzi. Nusu mche wa sabuni. Dawa za presha. Picha ya mjukuu wake iliyokunjika pembe. Soksi moja. Subana, ambayo alikuwa ameirudisha mkobani baada ya kushona, iligonga ukingo wa meza, ikaanguka, ikabingirika sakafuni. Yeye aliisikia. Meneja hakuisikia, alikuwa anachungulia ndani ya soksi.

Mama Pasi aliwahi kutukanwa, aliwahi kunyimwa maji ya kunywa kwenye nyumba aliyofulia mashuka ya watu wanane, lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpekua. Watu walimpa nguo zao na mifuko yake bila kuihesabu. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuchakaa.

"Na hivi?" Meneja alikuwa ameiona sahani. "Umevipata wapi?"

"Mifukoni mwenu," alisema.

Meneja aliitazama pete ya mshika kamera, akaiacha hapo. "Saa kumi," alisema hatimaye. "Kisipopatikana mpaka saa kumi, napiga simu polisi, na ninyi wawili mtakwenda kueleza huko. Na hoteli nitaiambia ukweli."

"Ukweli gani?"

Lakini simu yake moja ililia, akageuka kuipokea, akatoka. Vitu vya Mama Pasi vilibaki vimetapakaa mezani.

Hakuvirudisha. Alivitazama tu. Mzee wa Taa alinyoosha mkono aokote kitana, Mama Pasi akamzuia.

"Usiguse," alisema. "Viache hivyohivyo."

Haukupita muda akaitwa ukumbini. Koti la uzi mwekundu linavuta bega la kulia, walisema, aje alinyooshe. Alichukua brashi, akapachika sindano kwenye kola yake, akatia mkasi mdogo kwenye mfuko wa aproni. Mzee wa Taa alitangulia kwenye taa zake.

Ukumbini palikuwa na joto na harufu ya manukato. Bwana Mwizi alisimama katikati ya sakafu inayong'aa, na hata amechoka alikuwa mzuri, jambo lililomkera zaidi. Mama Pasi alimkaribia, na alipokuwa bado hatua tatu akaona. Bega la kulia halikuwa na ubaya wowote. Ni upande wa kushoto wa koti ulioning'inia chini kuliko wa kulia, upana wa kidole. Mtu mwingine asingeona. Yeye alilikata koti lile, alilishona, alilinyosha mara zisizo na idadi, na alijua linavyolala kama anavyojua mwendo wa mwanawe gizani.

Koti lilikuwa limebeba kitu.

Alikumbuka mikono yake wakati wa kushona: kulia, kushoto, kifuani, basi. Alikuwa amekifungia kidani cha watu ndani ya bitana kwa uzi wake mwenyewe, mishono minane, mizuri, ya kumtambulisha popote. Nani angeamini? Akisema, atakuwa mwizi aliyeingiwa na woga. Akinyamaza, saa kumi si mbali, na Mzee wa Taa yumo kwa sababu ya kikombe cha chai. Na chumba chenye bomba na dirisha kingempotea kwa vyovyote vile.

Alianza kupiga brashi mabegani. Polepole akashuka ubavuni. Vidole vyake viliingia ndani ya koti na kukigusa kidani nyuma ya bitana, kigumu, chenye pembepembe. Mkasi ukaja mkononi bila yeye kuuita. Mishono minane tu. Pembeni, hatua moja, palikuwa na chombo cha maua ambacho maua yake yalikuwa yamerudishwa. Angekichomoa kidani na kukifunika kwa brashi, kisha angejifanya anarekebisha ua lililoinama. Baada ya nusu saa mtu angekikuta humo na wote wangepiga kelele za furaha. Meneja mwenyewe angeona aibu kwamba hakutazama vizuri. Alikuwa na vidole vyepesi kuliko hao wote wawili waliofundishwa wiki sita jinsi ya kuiba. Alikata mshono wa kwanza. Akakata wa pili. Hakuna aliyeona, hata aliyelivaa koti.

"Mama, unanitekenya," alinong'ona Bwana Mwizi, akamkonyeza, ule ukonyezo wake wa kwenye filamu.

Ukonyezo huo ndio uliomtibua. Wiki sita alikuwa anaufulia na kuunyoshea. Alisimama na mkasi mkononi akajiuliza: mimi nimeiba nini, hata ninyate? Wanaoiba kwa tabasamu wamesimama katikati ya taa, na yeye ambaye hajaiba hata peremende alikuwa anatafuta chombo cha maua cha kujifichia.

"Mzee!" aliita kwa sauti iliyomshtua hata mwenyewe. "Niletee sahani yangu!"

"Kata! Kata!" alisema mwongozaji, ingawa kamera haikuwa imeanza.

Mzee wa Taa hakuuliza. Alikwenda akarudi ameishika kwa mikono miwili, na peremende zake, na ufunguo wake, na alipopita karibu na kamera mshika kamera alikohoa ghafla na kutazama dari.

"Inua mkono, mwanangu," Mama Pasi alimwambia Bwana Mwizi, naye aliuinua kama mtoto anayevuliwa shati. Mbele ya watu wote akafumua mishono sita iliyobaki, mmoja mmoja, bila haraka. Kidani kiliteleza, kikaangukia kwenye sahani kwa mlio wa bati.

"Nimekishonea humo mimi," alisema. "Leo hii, kwa mkono wangu. Sikuukagua mfuko kabla ya kuushona. Kosa langu ni hilo, na sina jingine."

Bibi Mwizi alishika mdomo.

"Ya kumi na moja," alisema. "Jamani! Tulirudia ule wizi wa kidani mara kumi na moja jana. Nilikirudisha ile ya kumi. Ya kumi na moja alikuwa bado nacho yeye."

"Nilikuwa nacho mimi?" aliuliza Bwana Mwizi, akijitazama ubavuni kwa mshangao wa kweli.

Na hapo wakacheka. Walicheka kwa kufunguka roho, wote, kwa makofi, na mwongozaji aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Hiyo!" alisema. "Sahani, mkasi, vilevile! Nani ameipiga picha? Hakuna? Mama, turudie. Usibadilishe kitu!"

"Basi, Mama, yameisha," alisema meneja, akitabasamu na yeye, amenyoosha mkono. "Nipe."

Mama Pasi aliivuta sahani kifuani.

"Hayajaisha," alisema, akatoka.

Walimfuata, meneja mbele, Bibi Mwizi nyuma yake akiwa amevua viatu, na Mzee wa Taa aliyekuwa ameacha taa zake zinawaka bure. Alipita uwanja wa nyuma, akaingia chumbani, akaiweka sahani mahali pake dirishani na kusimama mbele yake. Pasi ilikuwa bado ina moto. Koti la kijani lilikuwa linadondosha maji kwenye beseni. Mezani, kitana na miwani na soksi vilikuwa palepale vilipoachwa.

"Mama, watu wanasubiri," alisema meneja.

"Nawaona."

"Tunachelewa."

"Vilitoka kwa mkono wako," alisema Mama Pasi. "Virudi kwa mkono wako."

Meneja aliangalia mlangoni. Bibi Mwizi hakumsaidia, alikuwa anaitazama picha ya mtoto yenye pembe iliyokunjika. Simu moja ililia na hakuipokea. Aliuchukua mkoba, akaanza kutia vitu ndani haraka haraka, kwa mafungu.

"Kimoja kimoja," alisema Mama Pasi.

Akaanza upya. Kitana. Miwani, akiushika kwa uangalifu mguu wake wenye uzi. Sabuni. Dawa. Picha, ambayo aliinyoosha pembe kwa kidole gumba bila kuambiwa. Soksi. Kutoka ukumbini sauti ya mwongozaji ilikuja, inauliza kama kuna mtu aliyekufa. Meneja aliufunga mkoba na kuunyoosha mbele kwa mikono yote miwili.

"Bado subana," alisema Mama Pasi.

"Subana ipi?"

"Ya shaba. Iliangukia chini ya meza."

Meneja aliivuta juu kidogo suruali yake ya kijivu ili isiharibike kwa mikunjo, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akaingiza kichwa na mkono mmoja chini ya meza. Walimsikia akipapasa. Nyuma ya Mama Pasi jua la alasiri lilikuwa limefika dirishani na kuingia kwenye sahani.

"Upande wa kushoto," alimwelekeza. "Nyuma ya ndoo."